Neno la Nabuyonga

“Adrisi, acha kurajabu. Wakwe zako wanakutazama.”

Wanawake waliotoka Mbale wakacheka. Pilau ilikuwa imemdondokea Adrisi kifuani, na mama yake, Kadija, aliyesema hayo, akampangusa kanzu kwa ncha ya mtandio. Nikalirudisha tonge langu siniani.

Kwao Nabuyonga, mtaa wa huko Mbale, kurajabu ni kula ovyo: chakula huku, mdomo kule. Hata watoto wanaolitamka neno hilo vizuri hawajui kwamba Rajab alikuwa mtu. Alikuwa mume wangu.

Siku hiyo walikuja kwangu Mafubira kumpa jina mtoto mchanga wa Adrisi na mjukuu wangu Sofia. Sofia alitaka aitwe Rajab. Sheikh alikuwa nje na wanaume, akingoja jina. Adrisi aliingia kulichukua, akapewa sahani kwanza.

“Haboba Hajara, usikasirike,” Kadija akaniambia, akiniita bibi kwa Kinubi chetu. “Jina zuri, lakini shuleni watamtania mpaka akimbie. Tumwite Nasur.”

“Na hilo neno lenu, mkwe, lilizaliwa wapi?”

“Aa, ni la watu tu. La sokoni.”

La sokoni, eti. Hasira yangu si ya kufoka. Ni ya jiko la makaa: huoni ulimi wa moto, lakini chungu kinachemka.

“Miaka ile ya vita,” nikasema, “kila Mnubi kama sisi aliitwa askari wa serikali iliyoanguka. Rajab alikuwa fundi cherehani. Wenye bunduki walimtoa dukani kwake, hukohuko Nabuyonga, suruali ya mtu ikiwa bado chini ya sindano. Wakamfunga kandoya: viwiko nyuma, kamba ikakazwa mpaka kifua kikatokeza kama cha kuku. Aliporudi, mikono alikuwa nayo, lakini vidole havikunjiki. Nikitaka kumlisha, anakataa. ‘Hajara, mimi kifaranga?’ Basi anakula mwenyewe. Tonge linaanza safari zima, linafika nusu. Na majirani, wale aliowashonea nguo za Idi, walikaa barazani mkabala na kwetu, wanatazama, wanacheka. Kicheko chao ndicho kilichozaa neno.”

Kadija aliuondoa mkono wake siniani.

“Baraza lipi?” akauliza polepole. “Lile lenye nguzo za kijani?”

Lilikuwa la baba yake. Jibu lilikuwa ulimini mwangu miaka mingi, limenolewa, halikuhitaji ila kutolewa. Nikamwona Sofia amemkumbatia mtoto, macho yakinisihi. Nikalimeza, na lilikata likishuka.

“Mabaraza yalikuwa mengi,” nikasema.

Kadija hakuinua uso. Alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe, vidole vimeachana juu ya paja.

“Mama,” Adrisi akasema, “sheikh anangoja.”

“Mwulize Haboba. Jina ni lao.”

Nikalitaja, silabi kwa silabi, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kisha nikawatazama wale wanawake mmoja mmoja, nione nani atacheka.