Sauti Katika Mguu wa Mama Adolphine

Kipimo kilichozoea kusikiliza mioyo ya watoto waliomo tumboni kilikuwa kimelazwa juu ya mguu uliovimba wa mwanamke wa miaka sitini na saba, na hakikuleta lolote ila mkwaruzo, mfano wa redio iliyokosa kituo. Muuguzi Noëlla, aliyekitoa mbio katika wodi ya wazazi, alikisogeza mbele kidogo, akakirudisha nyuma, akaongeza jeli, akazuia pumzi. Mkwaruzo ule ule.

Dokta Kalonji alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi. Saa moja ya asubuhi hiyo, mbele ya soko la Manika, taksi-moto iliyompakia Mama Adolphine ilikuwa imepinduka pamoja na gunia lake la unga wa muhogo, na pikipiki yote ikamlalia mguuni. Mfupa wa muundi ulivunjika. Walikwisha kuunyoosha na kuufunga banzi, lakini vidole vilibaki baridi, vya rangi ya majivu, na uvimbe ulikuwa mnene hata daktari hakuweza kuyahisi mapigo kwa mkono.

"Damu haifiki chini," alisema, na uchovu ulisikika katika sauti yake. "Mguu ukikaa saa sita bila damu unaanza kufa, na ukifa utamwua mwenyewe. Daktari wa mishipa yuko Lubumbashi. Kwa barabara ile hatutawahi. Itabidi tukate chini ya goti. Mama Honorine, nahitaji sahihi ya mtu wa jamaa."

Honorine, mke wa mwana wa mgonjwa, aliipokea karatasi. Mumewe, Gaston, aliendesha malori ya madini ya manganizi huko Kisenge, na tangu asubuhi simu yake ilikuwa haipatikani. Hapakuwa na mwingine.

Kutia sahihi hakukuwa jambo geni kwake. Kwa miaka kumi na minne, katika kiwanda kinachosafisha upya mabaki ya shaba karibu na Kingamyambo, kazi yake ilikuwa kupima kasi ya tope ndani ya mabomba na kuweka jina lake chini ya tarakimu. Wahandisi walimwuliza bomba linasema nini, naye aliwajibu. Yeye mwenyewe anaonaje, hilo hakuulizwa. Na alipoona jambo lisilokaa sawa alilimeza, akaenda nalo nyumbani. Na nyumbani nako alinyamaza. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mbele ya wageni, Mama Adolphine alimwambia, "Weye unasikiaka mabomba kuliko watu." Wageni walicheka. Tangu siku ile wawili hao walisalimiana kwa adabu, wakapakuliana ugali wa bukari kwa adabu, na adabu hiyo ikasimama kati yao kama ukuta uliopakwa chokaa vizuri.

Akitia sahihi, ukoo mzima utasema mkazamwana ndiye aliyemkata mama yao mguu. Asipotia, huenda wakamzika.

"Honorine," aliita mavyaa kutoka kitandani. Dawa ya maumivu ilikuwa imemlegeza ulimi, lakini akili haikuigusa. "Banasema nini?"

"Wanasema damu haipiti, mama."

"Ile nimesikia. Weye unasema nini?"

Honorine alimtazama. Macho ya mwanamke yule yalikuwa yamemkazia, makavu, bila kejeli hata chembe. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Ndipo Honorine alipousikiliza mkwaruzo ule kwa mara ya kwanza, kama anavyosikiliza kazini. Akautambua. Kipimo chake na hiki cha Noëlla vilikuwa ndugu: vyote hupeleka ndani sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, na kila kinachosafiri humo, iwe punje ya mchanga katika tope au chembe ya damu katika mshipa, huirudisha ikiwa imebadilika, kama honi ya pikipiki inavyobadilika ikikufikia na ikikupita. Lakini kazini alikuwa na vichwa viwili vya kipimo. Kimoja, chenye tarakimu ndogo, cha mabomba manene, ambacho sauti yake huenda mbali. Kingine, chenye tarakimu kubwa, cha mabomba membamba, husikia vya karibu. Siku moja, katika mwaka wake wa kwanza, alikosea kichwa, akaandika sifuri, huku tope likipita tele chini ya mkono wake.

Alikitazama kichwa alichokishika Noëlla. Kilikuwa kinene kama kigunzi cha hindi, na ubavuni kimeandikwa 2.

"Dokta," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akakohoa, akaanza upya. "Dokta, naomba kuuliza. Kichwa hiki ni cha kumtafuta mtoto, sivyo? Mtoto yuko ndani, mbali. Mshipa wa mguu uko hapa juu, chini ya ngozi tu. Kazini kwetu kwa kitu cha karibu tunatumia kichwa kingine. Sanduku la kipimo hiki liko wapi?"

Honorine alihisi uso unamwaka.

"Iko kwetu, ku maternité," Noëlla alisema polepole. "Na muko kitu ingine mule ndani. Hatukitumiaka."

Dokta Kalonji aliitazama tena saa.

"Dakika kumi," alisema. "Kimbia."

Dakika hizo Honorine alizipitisha akiwa ameshika mkono wa mavyaa, asijue nani alianza kuushika wa mwenzake. Je, kama kichwa kile kingine nacho hakitasikia kitu? Atakuwa amekula muda wa mgonjwa kwa ujuzi wa mabomba. Aliomba kimoyomoyo, maneno yakamkimbia, akabaki kusema tafadhali, tafadhali.

Noëlla alirudi anahema. Kichwa cha pili kilikuwa chembamba kama kalamu, bado kimo ndani ya nailoni yake, kimeandikwa 8. Daktari alikichomeka, akatia jeli nyuma ya kifundo, akakigusisha ngozi pasipo kukandamiza, kisha akakilaza upande kidogo kidogo, kama mtu anayetaka kuandika.

Fyuu.

Hakuna aliyejongea.

Fyuu. Fyuu. Fyuu. Sauti ndogo, ya taratibu, kama mtu anayefagia uwanja wa jirani.

Dokta Kalonji alivuta kigoda kwa mguu, akakaa. "Inapita," alisema. "Ni kidogo, lakini inapita." Aliichukua karatasi mikononi mwa Honorine, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. "Hatukati. Tutausikiliza mguu huu kila nusu saa, na ukizidi kuvimba tutaichana ngozi ili upate nafasi. Sijasema umepona, mama. Ila leo hatukati."

Noëlla aligeukia dirisha, akapangusa uso kwa kiwiko. Honorine aliketi ukingoni mwa kitanda bila kuomba ruhusa.

"Ni nini iyo inafagia?" Mama Adolphine aliuliza.

"Ni damu yako, mama."

Mgonjwa akasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande. Kisha akamnyooshea Honorine kidole. "Na yake? Muweke ku mukono yake, nisikie."

Noëlla alimtazama daktari. Daktari aliinua mabega, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Jeli ilikuwa baridi kwenye kifundo cha mkono wa Honorine, chini ya kidole gumba. Kichwa chembamba kilipolazwa hapo, chumba kizima kilijaa: fyu-fyu-fyu-fyu.

"Yako inakimbia," alisema mavyaa.

"Iliogopa."

Mama Adolphine alifumba macho, mkono wake ukiwa juu ya goti la mkazamwana, akasikiliza mpaka mbio zile zikaanza kupungua.