Sauti ya Bibi Tansley

Nilimtoa Zahra skuli kwa hasira, na sijuti. Alikuwa na miaka minane, na mwaka mzima hakufungua mdomo darasani. Nyumbani alisema kutwa, kule kimya, basi walimu wake wakamwona mzito. Siku moja nilikwenda kumchukua mapema nimpeleke kwa daktari wa meno, nikamkuta peke yake ukumbini, kwenye kiti kidogo chini ya makoti ya wenzake, anapaka rangi picha ya sungura. Nikauliza kulikoni. Mwalimu akanijibu, bila haya wala soni, kwamba leo wamekuja wakaguzi, na Zahra huwa na raha zaidi akikaa nje.

Raha! Nilimshika mwanangu mkono, nikachukua koti lake, na hatukurudi tena. Nikaanza kumsomesha mwenyewe nyumbani, yeye na mdogo wake Mahir.

Watu wetu wa Walthamstow, mtaa tunaokaa, walinicheka. Mwanamke aliyeishia kidato cha nne Unguja, leo kageuka mwalimu wa Kiingereza! Wifi yangu Afra, dada wa mume wangu Abdulwakil, alinipigia simu kutoka Hayes karibu kila siku kunambia ninawaharibu watoto wa kaka yake. Nikamwambia watoto ni wangu pia, na uchungu niliuona mimi.

Vilivyotuokoa ni vitabu. Maktaba ya mtaani ilikuwa na msururu wa vitabu kumi na vinne vya watoto, vyote vya ajuza mmoja mkali, Bibi Tansley, anayeishi ndani ya boti kwenye mfereji pamoja na punda wake na wajukuu watatu. Sisi tulivisoma kwa sheria zetu. Mimi nilikuwa msimulizi: macho kwenye Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili papo hapo. Mahir, wa miaka sita, alikuwa punda. Abdulwakil, siku zake za mapumziko, alikuwa polisi na wezi wote. Na Zahra alikuwa Bibi Tansley, kwa Kiingereza kilekile kilichoandikwa. Sauti ya mtu haiguswi. Mwenyewe akiwa chooni, tunamngoja.

Mwanzoni Bibi Tansley alinong'ona. Kufika kitabu cha tatu alikuwa akinguruma, na kitabu cha sita jirani wa juu alitugongea sakafu. Mtoto aliyeitwa mzito alikaa juu ya mkono wa sofa letu akimtukana mlinzi wa mfereji kwa maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiyatafuta kwenye kamusi. Siku hiyo niliingia jikoni nikalia kwa furaha, kisha nikanawa uso nikarudi tuendelee.

Ndipo ikaja barua ya halmashauri. Bwana Yogesh, ofisa wa elimu, angekuja Jumanne kutazama tunavyosomesha.

Afra alifika Jumatatu na mifuko miwili ya unga na nyama. Hapo, nasema kweli, hatukugombana hata kidogo. Mgeni njoo mwenyeji apone, na sote wawili tumelelewa hivyo. Tukafagia, tukapiga deki, tukatandika vitambaa vya meza vya harusi yangu. Daftari, ramani za ukutani, mbegu za maharage kwenye bilauri, vyote vikatoka. Vitabu vya Bibi Tansley, vilivyokuwa vimezagaa sebuleni kila pembe, nilivitia ndani ya boksi.

Zahra alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini ninamficha Bibi Tansley.

"Kwa sababu anakuja mgeni," nikamwambia, nikalisukuma boksi chini ya kitanda. "Na nyinyi akija mumpe mkono, macho chini. Musiseme mpaka muulizwe. Mukiulizwa, mujibu kidogo. Musinifedheheshe mbele za watu."

Bwana Yogesh alikuja, mtu mpole, mkoba kwapani. Kila alipotoa kalamu, Afra alimwongezea katlesi na sambusa, kwani kwetu mtu haulizwi wala hajibiwi la maana kabla hajala. Mwisho akamgeukia Zahra akamuuliza anapenda kusoma nini. Zahra akatazama zulia. Akamuuliza tena. Zulia. Na mimi, Mwanabaraka, mama yake, nilikaa pale kifua mbele. Nilijisemea moyoni, tazama mtoto aliyelelewa.

Siku tisa baadaye ikaja ripoti. Nyumba ni safi na familia ni karimu. Hakikuonekana kitabu hata kimoja. Binti hakutamka neno. Hakuna dalili ya masomo yanayofaa. Atakuja tena baada ya mwezi, na mambo yakiwa yaleyale, Zahra ataamriwa arudi skuli.

Nilipandisha mori. "Kala sambusa saba!" nikapiga kelele. "Saba, nimezihesabu! Halafu anaandika haya!"

Abdulwakil aliisoma barua mara mbili. "Mwanabaraka," akasema, "huyu kaandika alichokiona."

Nikamrushia kitambaa cha vyombo usoni.

Nililitoa boksi, nikawaita watoto tusome. Mahir akaja mbio. Zahra hakuja. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Siku ya nne nikamfokea: "Una nini wewe? Skuli unaitaka?"

Alinijibu kwa Kiingereza, polepole, macho chini, vilevile nilivyomfundisha. Alisema skuli nako, wageni wakija, walimweka kwenye makoti.

"Na wewe umenificha," akasema.

Nyani haoni kundule. Mwaka mzima nilikuwa nikimlaani yule mwalimu kila nikipiga mswaki, kumbe na mimi nina sura yake. Nilimwomba mwanangu radhi, nikamwambia nimekosa, nilidhani ninafanya adabu. Akasema sawa, kama watoto wanavyosema sawa wakitaka uondoke. Wiki tatu tulisoma naye akiwa chumbani, mlango wazi. Tulipofika kwenye maneno ya Bibi Tansley tulingoja, tukafunga kitabu.

Siku ya Bwana Yogesh kurudi nilimpigia simu Afra nikamkataza asije, nikamwambia asiponisikia basi hatupatani tena. Sikufagia. Nililipindua boksi katikati ya zulia, na mbele ya mgeni sikuweka hata chai. Nikafungua kitabu cha saba, nikaanza.

Nilisimulia. Mahir akalia kipunda, vizuri sana. Tukafika kwa Bibi Tansley, aliyekuwa amesimama juu ya boti, mwizi ameishika kamba ya boti.

Tukangoja. Zahra alikuwa kwenye pembe ya sofa, mikono kifuani. Bwana Yogesh akazungusha kalamu. Nilikuwa nimeapa sitamlazimisha. Lakini kalamu ile ikashuka kwenye karatasi, ikaanza kuandika, na mimi nikaliona koti la mwanangu limetundikwa nyuma ya mlango, tayari. Hasira zikanipanda, za mwalimu, za yule bwana, za nafsi yangu zaidi. Nikafanya lile ambalo nyumbani kwetu halifanywi. Nikafungua mdomo na kuyasoma maneno ya Bibi Tansley mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza changu.

"Hiyo yangu!"

Alikuwa amesimama. Alisema kwa Kiswahili, kwa sababu aliyekuwa akigombezwa ni mimi.

"Mama, hiyo sauti yangu! Lete!"

Akaninyang'anya kitabu, akasoma. Hakumsomea mgeni. Alisoma kwa ghadhabu, kila neno ananipiga nalo, na jirani wa juu akagonga sakafu, na yeye akaongeza sauti. Akafunua ukurasa, akafunua mwengine. Mahir akisahau zamu yake, alimpiga teke la mguu.

Baada ya kurasa tano Bwana Yogesh akatabasamu. Akafunga mkoba, akashukuru, akasema amesikia ya kutosha, ripoti itakuwa nzuri. Akasimama, akachukua koti lake.

Zahra akamwonesha kiti kwa kidole. "Kaa," akamwambia kwa Kiingereza. "Sura haijaisha."

Mtoto wa kwetu, kumwamrisha mtu mzima, tena mgeni! Bwana Yogesh alinitazama, akingoja nimkanye mwanangu.

"Si umemsikia?" nikamwambia. "Kaa."

Akakaa, koti mapajani, mpaka sura ikaisha.