Butoyi Amekwenda Kutembea

Mwanangu anaitwa Bukuru. Kwetu Ngara jina hilo likitajwa, kila mtu anajua kuwa ni pacha wa kwanza, na kwamba nyuma yake alizaliwa mwingine anayeitwa Butoyi, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo wageni wakifika nyumbani na kusikia namwita mtoto, huuliza, "Na Butoyi yuko wapi?"

Mama mkwe wangu Esperansia hunitangulia kujibu, hata kama ana chakula mdomoni.

"Amekwenda kutembea."

Ndivyo inavyosemwa kwetu. Pacha akifa, halii mtu. Hakuna matanga, hakuna anayeleta pole, na neno lenyewe la kufa halitamkwi, maana aliyebaki akilisikia atamfuata mwenzake. Butoyi wangu hakumaliza wiki. Mama mkwe alimfunga katika kitenge chake cha kanisani, wakaondoka naye asubuhi, yeye na jirani mmoja, wakaingia migombani. Mimi nilibaki ndani nikimnyonyesha Bukuru titi moja, lingine likilowesha gauni.

Nilipopata nguvu za kutoka, mama mkwe alinichukua kama tunakwenda kukata majani ya mbuzi. Katikati ya migomba akasimama. Palikuwa na kijiti kichanga cha ule mmea wa majani marefu kama visu, ambao kwetu hupandwa mipakani.

"Huu haufi hata ukiukata," akasema, akiinama kung'oa magugu ambayo hayakuwapo. "Na mtu akipita, ataona ni mti wa mpaka tu."

Ni kweli. Mtu alipita, akaona ni mti wa mpaka tu.

Shamba letu liko chini kidogo ya mji wa Ngara, kwenye mteremko. Marehemu baba mkwe aliligawa mafungu mawili. Sehemu ya juu, yenye nyumba, alimpa mume wangu Alfonce. Sehemu ya chini, inayogusa barabara ya Kabanga, alimpa shemeji Laurian, kaka yake Alfonce, ambaye alikwenda kulima Bisibo na kurudi huku ni Krismasi kwa Krismasi. Barabara ilipopanuliwa, matingatinga yaling'oa miti ya mpaka kati ya mafungu hayo mawili. Hatukujali. Ndugu na ndugu, nani wa kumnyang'anya mwenzake mgomba?

Halafu Laurian akauza fungu lake kwa Yunusu, mwenye duka la mabati pale stendi.

Siku ya kuonyeshana mipaka Alfonce alikuwa Rulenge kwenye kazi ya ujenzi, mimi nilikuwa kliniki na mtoto. Wazee wawili wa mtaa walikuja na Laurian na mpimaji. Walitafuta miti ya zamani, wakauona mmoja, mrefu, umestawi, umesimama peke yake.

"Huu hapa!" mzee mmoja akasema. "Marehemu alikuwa mtu wa utaratibu."

Mama mkwe alikuwa amesimama uani na ungo wa maharage. Aliwaona wakivuta kamba kutoka kwenye mti ule. Angesema nini? Kusema si mpaka ni kuulizwa ni nini.

Niliporudi nilikuta kigingi chenye rangi nyekundu kimepigiliwa shinani pake, na kipande cha migomba yetu kimeingia kwa Yunusu.

Baada ya muda tukaelewa kinachokuja: kituo cha mafuta, maegesho ya malori yaendayo Burundi, na nyumba ya wageni nyuma yake. Mwenyekiti wetu, Bizimana, akaitisha mkutano uani kwake ili wananchi waseme kabla ya kibali.

Njiani kwenda huko mama mkwe alinishika mkono.

"Keza, mwanangu. Usiseme."

"Mama, mpimaji ameniambia mwenyewe. Tangi wanalifukia pale kwenye kigingi. Shimo la kumeza nyumba."

"Najua."

"Basi?"

"Nina mjukuu mmoja mgongoni mwako," akasema. "Ukitamka, nani atamzuia asiende?"

Alfonce alitembea mbele yetu akitazama viatu vyake. Aliposikia hivyo aliongeza mwendo.

Uani kwa Bizimana mabishano yalikuwa yameshapamba moto. Malongo, mwalimu mstaafu, alikuwa amesimama akitikisa mkongojo.

"Petroli hatua chache kutoka kwenye majiko yetu ya mkaa! Siku moja tutaamka mishikaki."

"Mwalimu, wewe mishikaki?" dereva mmoja wa bodaboda akamjibu. "Wewe ni supu tu, nyama iko wapi? Sisi petroli tunanunua kwenye chupa za maji, nusu yake maji kweli. Kituo kije!"

Watu wakacheka. Naima, anayeuza chapati, akanyoosha mkono. "Malori yakilala hapa, mimi chapati zangu hazitalala."

"Na madereva wakilala hapa, binti zako watalala wapi?" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma.

"Watalala kwangu, wewe tafuta wa kwako alipolala jana!"

Bizimana aligonga meza mpaka kelele zikapungua. Yunusu akainuka. Ni mtu wa sauti ya chini, kofia yake nyeupe imefuliwa mpaka imekuwa laini kama karatasi. Mke wake Swabaha alikaa nyuma yake.

"Jirani zangu, najua wengine mnasema huyu ni mtu wa pwani. Mimi nimezaliwa hapa Ngara. Babu yangu amezikwa hapa. Msinitazame kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana."

Babu yake amezikwa hapa. Analijua kaburi lake, analitaja mbele za watu. Nikajikuta nimesimama.

"Shemeji naye!" Laurian akaguna. "Hayo masomo ya watu wazima anayosoma jioni yameanza kuongea."

"Mti ule si wa mpaka," nikasema.

"Ni wa nini?"

Bukuru alikuwa mgongoni, ameamka. Pumzi yake ilikuwa inanipiga shingoni, ya joto, inanuka uji. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo, nalijua, na halikutoka.

"Ni wa nini, Keza?" Bizimana akauliza kwa upole. "Wazee waliukubali."

Ndipo mama mkwe akainuka kwenye mkeka. Alinijia polepole, akasimama nyuma yangu, na nikamsikia akimziba Bukuru masikio kwa viganja vyake viwili. Bukuru akacheka, akidhani ni mchezo.

"Butoyi hakwenda kutembea," mama mkwe akasema. "Butoyi amekufa. Yuko chini ya mti ule. Nilimlaza mimi kwa mikono hii, na aliyetamka leo ni mimi, si mama yake. Kama kuna wa kudaiwa neno hili, nidaiwe mimi, mzee."

Laurian akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Kama wangeishia hapo, ningeshukuru. Lakini Malongo alipiga mkongojo chini. "Basi imekwisha! Kaburi ni kaburi. Hakuna kituo hapo!"

"Kaburi limezaliwa leo?" mtu wa upande wa pili akapaza sauti. "Mbona halikuwapo siku ya kupima?"

"Unamwita mama mtu mzima mwongo?"

"Sijamwita! Nauliza tu, tangu lini..."

Wakaanza tena, safari hii kwa mtoto wangu. Huku wanamvuta awe ukuta wa kuzuia malori, kule wanamvuta asiwepo kabisa. Nikapata sauti.

"Sikusimama ili mradi ufe," nikasema. "Wala ili upite. Jengeni, msijenge, ni kura zenu. Mimi namtaka mwanangu. Asichotwe na tingatinga akamwagwe barabarani pamoja na kifusi. Hilo tu."

Swabaha ndiye aliyenyanyuka. Alipita katikati ya wanaume waliokuwa wamesimama, akaja mpaka nilipo, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mama Bukuru," akasema. "Pole sana kwa kufiwa."

Sikuwahi kuambiwa. Tangu Butoyi aondoke, hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo moja. Nyuma yake akaja Naima, mikono ikiwa bado na unga. Akaja yule mwanamke aliyekuwa anatukanana naye. Wakaja wengine. Pole. Pole, mama. Pole. Bizimana aliacha kugonga meza.

Yunusu alisubiri mpaka wanawake wakakaa. Kisha akaongea na Alfonce, si na mkutano. "Ndugu yangu, tangi nitalisogeza. Lakini njia ya kuingilia malori haina pengine pa kupita, kule chini kuna korongo. Mtoto akibaki pale, magurudumu yatapita juu yake kila siku. Mnataka hivyo?"

Alfonce alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza ananitazama machoni tukizungumza habari za Butoyi.

"Tutamhamisha," nikasema.

Mikono ikanyooshwa, ya kituo ikawa mingi. Malongo aliondoka bila kuaga.

Alfonce alichimba mwenyewe, bwana afya akiwa kando. Alianza kwa jembe, akamaliza kwa vidole. Mifupa ya mtoto mchanga haikai katika udongo wetu. Tulikuta mizizi ya ule mmea imesukana kama kikapu, na ndani yake udongo mweusi kuliko mwingine, laini, na uzi uzi wa kitu kilichokuwa kitenge. Mama mkwe aliutambua. Alisema ulitoka kwenye ua la njano.

Tulimbeba hivyo hivyo, mizizi, udongo na nyuzi, ndani ya ungo uliotandikwa shuka jeupe alilolileta Swabaha. Tukamzika chini ya dirisha la chumba tunacholala. Katekista akasali. Laurian alishika koleo, akafukia bila kuambiwa. Na mimi nikalia, kwa sauti, mbele za watu, mpaka nikachoka. Mama mkwe hakunizuia. Alikaa ardhini akiwa amempakata Bukuru, akimchezesha vidole.

Wiki ile Bukuru alishikwa na homa. Mama mkwe hakula. Alikaa kando ya kitanda, kila mtoto alipokohoa yeye aliinuka. Hospitali wakasema ni malaria, wakampa dawa, na homa ikashuka. Aliposhika kikombe cha uji mwenyewe na kukimwaga, mama mkwe alitoka nje. Nilimkuta ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Sasa kituo kinafanya kazi. Siwezi kusema ni kibaya. Naima amejenga kibanda, na bodaboda hawanunui tena mafuta ya chupa. Ila migomba iliyobaki ina vumbi, nguo zikianikwa zinanuka dizeli, na mahali niliposimama na mama mkwe siku ile pana lami na madoa ya oili. Nikienda dukani napita pembeni yake. Bado miguu inajua.

Ule mmea tuliupanda tena dirishani. Ulilala muda mrefu, majani yakanyauka yote, nikadhani umekufa. Mwezi huu umechomoza ncha moja.

Nami nina mimba. Huyu atakayezaliwa hana haja ya kutafutiwa jina. Anayefuata mapacha kwetu ni Chiza, na kila atakapoitwa Chiza, watu watajua kuwa mbele yake kuna wawili.

Jumapili iliyopita alikuja dereva mmoja wa lori, Mrundi, kuomba maji ya kunywa. Alimkuta mama mkwe anamenya ndizi uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikamwita Bukuru aache kuvuta mkia wa mbuzi. Dereva akatabasamu, akauliza kama wanavyouliza wote.

"Bukuru! Na Butoyi yuko wapi?"

Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwenye ndizi. Kisu kilisimama kidogo.

"Yupo hapa nyumbani," akasema.