Maji ya Juu

Marit Halvorsen alikuwa ameizoea kazi ya maabara ya hospitali hadi mikono ikaijua kuliko kichwa, na hilo ndilo lililomponza. Kipande cha msuli kilicholetwa siku hiyo kilikuwa kimekatwa pajani mwa Tessa, mtoto wa miaka sita aliyekuwa akiishiwa nguvu bila daktari yeyote wa mji wa Duluth kujua sababu. Alikiponda taratibu kwenye kinu cha kioo kilichozamishwa katika barafu, seli zikapasuka, kikawa uji. Uji ule akauzungusha kwenye mashine polepole, vizito vikazama chini. Mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nguvu, ndivyo vilivyotakiwa, na bado vilikuwa vinaelea kwenye maji ya juu. Mzunguko wa pili, ule wa kasi, ndio huvizamisha, na hapo ndipo maji humwagwa.

Yeye akayamwaga baada ya mzunguko wa kwanza. Alikuwa anabishana na Curtis, mwenzake wa meza ya pili, kuhusu mechi ya magongo ya jana, na mkono ukainama wenyewe juu ya sinki lenye dawa ya kuua vijidudu.

"Mbona kimya?" Curtis akamtania. "Umekubali kwamba tumewafunga?"

"Kipande kilikuwa kidogo mno," Marit akasema. "Hamna kitu humu."

Uongo ulitoka laini, na Curtis, maskini, akauamini. Daktari mkuu naye akauamini. Kesho yake mama wa mtoto, Jolene, akaitwa aambiwe kwamba itabidi Tessa akatwe kipande kingine pajani.

Asubuhi iliyofuata Marit alimkuta kwenye korido akivua glavu zenye theluji. Angeweza kupita zake. Akasimama mbele yake.

"Mama Tessa, mimi ndiye niliyeharibu. Kipande kilitosha. Nilimwaga kilichotakiwa, halafu nikadanganya."

Marit alikuwa tayari kutukanwa, na angeshukuru.

"Tangu tumwambie atakatwa tena, mtoto hajalala," Jolene akasema. "Eti kosa ni lake, alijitikisa daktari alipokata. Kaniuliza, safari hii akitulia kabisa, mtamwacha asikatwe tena?"

Jolene akaionyesha milango ya korido kwa glavu zake.

"Yuko chumba cha kwanza kushoto. Nenda kamwambie mwenyewe. Mimi sikusaidii."