Gari la Usukani wa Kushoto

Mwanamke yule alifika Jumatatu, saa nne asubuhi, nikiwa naanika mahindi uani. Sikumjua. Alisimama ukingoni mwa turubai ili asikanyage punje, akavua ndara zake zenye matope, kisha akauliza kama mimi ndiye Beverlyne, yule aliyekuwa ndani ya gari jekundu.

"Ndiye mimi."

"Naitwa Ruth. Bibi yake Ogeto."

Ogeto alikuwa mwendesha bodaboda wa stendi ya Marani. Gari letu lilimgonga Jumatano iliyotangulia, naye alikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini. Kwa siku tano nilikuwa nimemngoja mtu wa kwao aje, na sasa alikuwa amekuja. Nilimletea kigoda.

"Sikuja kugombana," alisema. "Ningetaka kugombana ningekuja na shemeji zangu. Nimekuja kwa sababu mzee wa kanisa alitutembelea jana. Mtu mpole. Hajasema hatatuzikia. Aliuliza tu kama ni kweli Ogeto alikuwa amelewa. Magokoro akasikia."

"Magokoro ni mama yake?"

"Mama yake, Nyakerario. Tangu jana hajatia kitu mdomoni. Ananiuliza, ina maana nilizaa mlevi, nikakaa naye miaka thelathini na nne bila kujua?"

"Nani alisema alikuwa amelewa?"

Ruth aliniangalia kana kwamba nimemdhihaki.

"Si imeandikwa? Shemeji yangu alisomewa kituoni. Kwamba alikuwa anayumba na pikipiki, akaingia upande wenu. Na chini kuna majina mawili. Moja ni lako."

Jina lingine lilikuwa la baba yangu mdogo, Nyamweya. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo baba mdogo ndiye niliyemwita Baba. Alifundisha Kigali miaka kumi na sita. Mshahara wake wa huko ndio ulionipeleka chuo kikuu, mpaka nikapata digrii ya ualimu.

Kigali magari hupita upande wa kulia wa barabara, na usukani huwa kushoto. Huko ndiko alikonunua gari lake la mbio, la milango miwili, lililokaa chini kama paka anayenyemelea panya. Aliporudi nyumbani kuhamia kabisa, alirudi nalo. Aliamini kwamba mtu anayehama na mali yake mwenyewe hawezi kuzuiwa. Mpakani aliambiwa kwamba gari la usukani wa kushoto halisajiliwi Kenya. Alipewa kibali cha muda, nao muda ukiisha gari liwe limetoka. "Lakini ni langu," alikuwa akiniambia, kana kwamba sheria iliuliza ni la nani. Alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi Kigali, na kwa fedha hizo angejenga nyumba. Alitaka tu Marani wamwone nalo kidogo kwanza.

Shida ya gari la namna hiyo kwenye barabara zetu ni kwamba dereva akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Lazima mtu akae kulia, mahali ambapo kwa magari yetu dereva ndiye hukaa, amwangalilie. Mtu huyo nilikuwa mimi. Baba angeuliza, "Vipi?" nami ningechungulia na kujibu, "Ngoja," au, "Pita." Sokoni watu walidhani mimi ndiye dereva. Tulipopita nimekunja mikono kifuani, akina mama walishika vichwa. Tulicheka sana wiki ile. Nilifurahi, nakiri. Nilikuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima bila kazi, na sasa kulikuwa na kitu ambacho bila mimi kisingekwenda.

Ile Jumatano alasiri tulikuwa nyuma ya lori la majani chai lililokuwa likipanda mlima polepole. "Vipi?" Nikachungulia. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Kona yenyewe ilikuwa karibu, niliiona, lakini nilisema, "Pita." Ogeto alitokea pale konani akiwa upande wake, pembeni kabisa, gurudumu likigusa nyasi. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Akina mama wawili waliokuwa wakipeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia waliona kila kitu. Mmoja wao, Tryphosa, alimweleza askari kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: yule msichana ndiye alikuwa anaendesha, ametoka upande wake, amemfuata Ogeto upande wa Ogeto. Askari alilizunguka gari. Aliuangalia usukani uliokuwa kushoto, kisha akaniangalia mimi kulia.

"Mama, huyu alikuwa anaendesha kwa kutumia nini? Magoti?"

Kuna watu waliocheka, pale pale, damu ikiwa bado barabarani. Kwa kuwa Tryphosa alikosea kuhusu dereva, mengine yote aliyosema yalitupwa. Ikaandikwa kwamba hakuona vizuri. Ndipo Baba akazungumza, kwa Kiswahili chake safi cha darasani, akasema mwendesha pikipiki alikuwa anayumba na alinuka pombe. Askari akanigeukia. "Ni kweli?" Nikasema, "Ndiyo." Nikatia sahihi.

Hayo yote yalinipitia kichwani nikiwa nimesimama mbele ya Ruth kama mtu aliyeishiwa na kazi.

"Tryphosa ni jirani yangu," alisema. "Mpaka leo anaapa kwamba wewe ndiye ulikuwa unaendesha."

"Sikuwa naendesha."

Lilikuwa jibu la kweli, na kwa nukta moja nilihisi nafuu. Kisha nikaionea aibu nafuu yenyewe.

"Sawa. Usukani uko upande ule, nimeelezwa. Hapo Tryphosa alikosea," alisema Ruth. "Mimi nauliza lile lingine. Ogeto alikuwa upande gani?"

Kuku mmoja alikuwa amepanda turubai na anadonoa mahindi. Hakuna aliyemfukuza.

"Upande wake," nikasema.

"Alikuwa anayumba?"

"Hapana."

"Ulisikia harufu ya pombe?"

"Sikusikia. Nilimshika kichwa mpaka gari la kumbeba lilipokuja. Hakunuka chochote ila jasho na petroli."

Hakulia. Aliinama akafuta matope kwenye ndara moja kwa kidole, taratibu, mpaka ikawa safi.

"Tunazika Ijumaa. Mwili unakuja Alhamisi," alisema. "Njoo kabla haujafika, umwambie magokoro hivyo ulivyoniambia. Yeye tu. Mimi nikimwambia atasema namfichia. Polisi utajua wewe na moyo wako, mimi sikuombi hilo."

"Nitakuja."

"Saa ngapi?"

"Kwani saa ina neno?"

"Wengi wameniahidi vitu wiki hii, mwalimu. Wote walisema watakuja. Hakuna aliyetaja saa."

"Saa tano," nikasema.

Kesho yake mchana nilimkuta Baba nje ya lango, akisugua mlango wa gari kwa kitambaa. Polisi walikuwa wameliachia, na fundi alikuwa ametoka kubadilisha taa. Kwa mbali gari lilionekana kama halijawahi kupatwa na kitu.

"Alhamisi saa tatu tunatoka," alisema. "Tunapitia mpaka wa Isebania. Kibali kinaisha Ijumaa. Beba nguo za siku nne."

"Baba, Alhamisi siwezi."

"Una nini Alhamisi?"

Nilimweleza. Aliendelea kusugua mahali pale pale.

"Unamwambia yule mama mzee peke yake," alisema mwishowe. "Na unafikiri atalifunika jambo hilo kikombeni, asimwonyeshe mtu?"

"Ana haki ya kujua mtoto wake alikufa akiwa upande wake."

"Haki anayo. Sikatai." Alikaa kwenye jiwe la lango. "Nilishikwa na woga, Beverlyne. Nimefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, sijawahi kuitwa hata na mwalimu mkuu. Nilipomwona amelala pale, mdomo ulisema wenyewe."

"Mimi ndiye niliyesema 'pita'."

"Ulisema ulichokiona. Aliyekanyaga mafuta ni mimi. Hilo usilibebe." Aliyasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Angenitukana ningepumzika. "Lakini jua hivi. Ukisema, mimi nafungwa. Na wewe uliandikisha uongo ukatia sahihi. Ukienda kuomba cheti cha tabia njema ili uajiriwe, wataandika nini?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo usiku kucha. Fomu za ajira zilikuwa kwenye bahasha chini ya godoro langu.

Mama mdogo, Emily, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kisu cha mboga.

"Miaka minne ya karo," alisema. "Muulize kama anaikumbuka."

"Emily, wacha."

"Niwache nini? Nilikaa hapa peke yangu na watoto, nikipika kwa kuni mbichi, ili huyu asome. Sasa kisomo kimemfundisha kumfunga mwenye kumsomesha."

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, isipokuwa neno la mwisho, na hata hilo sikuwa na hakika nalo.

"Nani atanionea barabara?" Baba aliuliza. Hakuwa akinitisha. Alitaka kujua kweli.

Alhamisi saa tatu gari lilikuwa limewashwa langoni. Mama mdogo alikuwa ametangulia na kikundi cha akina mama wa kanisa, kusaidia kupika matangani. Kukosa kwake kungezungumzwa, kwa hiyo alikwenda. Nilitoka nimevaa gauni la Sabato na leso kichwani. Baba alijinyoosha kutoka kiti chake akaufungua mlango wa kulia, akauacha wazi. Nilisimama karibu kiasi cha kuona mshipi wa kiti, na joto la injini lilinifikia miguuni.

"Baba, enda polepole," nikasema. "Usilipite gari lolote. Hata likiwa trekta, lifuate tu."

Alitikisa kichwa kukubali. Nilishuka kwa njia ya mashambani, kati ya migomba, ili nisilione likiondoka. Nilisikia mlango ukifungwa. Kwenye makutano ya lami injini ilinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri kuambiwa, halafu sauti ikaanza kupungua kuelekea Kisii.

Kwa kina Ogeto walikuwa wanafunga hema la pili. Viti vya kukodi vilikuwa vimerundikwa, na upande wa jikoni akina mama walimenya ndizi wakiwa wameketi kwa mduara, mama mdogo akiwa kati yao. Aliniona. Aliinua kisu kidogo, kisha akaendelea kumenya. Ruth alinipokea, akaitazama saa ya simu yake, akaniingiza kwenye nyumba ya mama mkwe wake.

Nyakerario alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mdogo wa umbo kuliko nilivyotarajia. Nilipiga magoti, nikasogeza mdomo karibu na sikio lake, nikamwambia kwa Ekegusii, kwa kunong'ona, yale niliyomwambia Ruth.

"Sisikii," alisema. "Sikio hili lilikufa kitambo. Sema."

Nikasema tena, kwa sauti zaidi kidogo. Uso wake haukubadilika. Alinyoosha mkono, Ruth akamwinua, naye akaanza kutembea kuelekea mlangoni huku amenishika mkono, kwa nguvu ambayo sikuidhania.

"Magokoro," Ruth alisema, "tulipatana akuambie wewe tu."

"Mimi tu nimeshasikia. Mwanangu aliitwa mlevi ndani ya nyumba?"

Ruth alinitazama. Angeweza kumshawishi aketi, na mimi ningeweza kusema kwamba ahadi yangu imetimia na nikarudi kwa njia ya migomba. Nilifikiria gari lile jekundu liko wapi saa hiyo, nyuma ya lori gani, na kama lilikuwa limefika mpakani. Halikuwa limefika. Nilijua umbali.

Tulisimama kwenye kizingiti. Mzee wa kanisa alikuwa chini ya hema la kwanza na karatasi ya ratiba mkononi.

"Ogeto alikuwa upande wake," nikasema. "Hakuwa amelewa. Hakuyumba. Tryphosa aliona vizuri, ila hakujua usukani uko wapi. Mimi nilikaa mahali pa kuangalia, nikamwambia Baba apite, na hapakuwa salama kupita. Halafu tuliandikisha uongo, sisi wawili. Nikitoka hapa nakwenda kituoni kuyasema haya haya."

Mtu aliyekuwa akipigilia vigingi vya hema aliacha. Mzee wa kanisa alikunja karatasi yake mara mbili. Kule jikoni walikuwa bado wanamenya ndizi, vichwa chini, upepo ukipeleka moshi upande wao.

"Wale wa jikoni hawakusikia," alisema Nyakerario.

Nikageukia jikoni, nikaanza tena.