Matawi ya Chini ya Kovu

Kaka yangu ana haraka ya kuzaliwa nayo. Hata chai huinywa amesimama. Laiti siku ile angetulia!

Shangazi yetu alizeeka akitafuta mzeituni bora. Alichukua chavua ya mti huu, akaipaka kwenye ua la mti ule, akaotesha kokwa, akangoja miaka, akang'oa miche isiyofaa, akaanza tena. Mwishowe akapata mmoja tu: tunda nene, mafuta tele, ugonjwa hauusogelei. Akaupandikiza juu ya shina la mzeituni mwitu ili ushike ardhi vizuri. Macho yalipoanza kumtupa mkono, alimwachia kaka kitalu. Alibaki na hamu moja: kuushika mzeituni wake ukiwa umejaa mashambani kabla hajafumba macho.

Wenye viwanda vya kukamua walipopata habari, walitujia mbio, kila mmoja anataka miche leo hii. Kichwa kikamvimba kaka.

"Kata matawi ya juu ya kovu la kupandikizia, pale mti wangu ulipoungana na shina la mwitu," Shangazi alimwambia. "Juu, mwanangu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi. Kwani mimi mtoto?"

Alisikia kwa sikio moja. Matawi ya juu yalikuwa membamba, yanachelewa kutoa mizizi. Chini ya kovu kulikuwa na machipukizi yamenona, yanapendeza macho. Akakata hayo. Yakaota kama magugu, nasi tukampigia makofi, wajinga sisi!

Msimu wa kwanza wa matunda, mkulima mmoja alikuja amenuna, akamwaga kikapu chake mezani. Zeituni ndogo kama njegere, kokwa tupu. Shangazi alipapasa moja.

"Hii ni ya mwitu," alisema. "Mlikata wapi?"

Kaka akatimua mbio hadi kwenye mti mama. Sehemu ya juu, mzeituni wa pekee wa Shangazi, ilikuwa imekauka kitambo. Machipukizi ya mwitu yalikuwa yameinyonya mpaka ikafa, na hakuna aliyejali kuyapogoa. Alirudi analia, mtu mzima na ndevu zake. Nilitaka kumpasha, lakini roho iliniuma mno.

"Nisamehe, Shangazi," alisema. "Miti wazazi, ule wa chavua na ule wa ua, bado ipo. Tutaanza upya."

Shangazi alimpapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Anza, mwanangu," alimwambia. "Mimi nilipoanza nilikuwa na umri wako."