Breki ya Mkono ya Sajenti

Usiku wa jana, kwa mara ya kwanza tangu Sajenti arudi kutoka gereji, niliota. Niliota amekuja kusimama kando ya kitanda changu, taa zote zinawaka, akaniambia nivae viatu.

"Mama yuko tayari," alisema. "Anasubiri."

Sikushangaa kwamba gari linaongea. Nilichoshangaa ni namna lilivyopita kwenye mlango wa chumba bila kukwaruza rangi, maana rangi ile ilichukua wiki mbili.

Nieleze kidogo. Sajenti ni gari la marehemu baba, la mwaka 1971, rangi ya krimu. Alilinunua kwa sajenti mmoja mstaafu wa polisi na jina likabaki. Miaka minane iliyopita nilimpakia Mama humo, kijijini kwetu kwenye milima ya Upare, nikamkimbiza hospitali kule chini. Barabara yetu inapanda kwanza ndipo ishuke, na Sajenti alitumia saa nzima na dakika kumi. Mama alifia njiani, kwenye kona ya mikaratusi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Njia nzima alikuwa akiniambia neno na mimi sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nalitukana gari. Mara moja alinyoosha mkono akashika breki ya mkono. Nikautoa mkono wake pale.

"Tulia, Mama," nikamwambia. "Tutaongea tukifika."

Tangu siku hiyo sina kazi nyingine ya maana ila kuliongezea gari hili mwendo. Injini mpya yenye nguvu mara tatu ya ile ya zamani, gia sita, breki za diski magurudumu yote manne, shokapu za mashindano, viti vinavyokumbatia mbavu, mikanda ya kamba nne, na bomba la moshi la kuamsha mtaa mzima. Fundi Kimweri alilifanyia kazi miaka mitatu. Alipomaliza, Alhamisi, aliniletea kiroba cha spea za zamani, kama ilivyo desturi ya mafundi, ili mwenye gari ahakikishe hakudanganywa. Nikamwambia akitupe, kilichotoka kimetoka, hakirudi. Kiti cha mbele cha abiria akakiomba, akikalie gereji. Nikampa. Cha zamani kilichobaki ndani ni breki ya mkono tu, kwa kuwa hakupata ya kisasa inayoingia pale.

"Lakini kaka Yonazi," aliniuliza wakati ananikabidhi funguo, "hili gari sasa unalikimbiza wapi?"

Nikapokea funguo, nikazitia mfukoni. Basi ndotoni nikavaa viatu.

Nafungua mlango wa chumba, natokea uani kwa Mama. Amesimama kwenye mlango wa jiko, kanga mbili, kikapu mkononi. Ni mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Anachungulia ndani ya gari.

"Kiti bado kina nailoni," anasema.

"Ni kipya, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na kile changu kiko wapi?"

"Nilikitoa. Hakikufaa kwa mwendo."

Ananitazama kidogo, kisha anaingia. Namfunga mkanda, kamba mbili za mabegani na mbili za kiunoni, na inabidi nivute mpaka mwisho kabisa ndipo zimkaze.

"Mbona unanifunga kama tenga la nyanya?"

"Ni kwa usalama wako."

"Kwa marehemu si lazima," anasema Sajenti. Namwambia afunge mdomo, awashe injini.

Tunaondoka. Kona zinatupisha. Vibao vya barabarani vinarukia mtaroni vyenyewe. Huko nyuma kwenye buti kiroba cha spea kinanung'unika, na kabureta la zamani linakohoa. "Siku ile mimi niliupanda mlima huu na kifua changu hiki," linasema, "wala sikuzima hata mara moja. Leo niko kirobani." Nakanyaga mafuta ili nisilisikie.

Mama anaongea. Naiona midomo yake. Bomba la moshi linanguruma, bomba nililolichagua mwenyewe kati ya mabomba sita.

"Sajenti, punguza sauti."

"Sauti inakuja na mwendo. Ukitaka kumsikia, simama."

"Nikisimama atafia njiani."

"Ndiyo," anasema Sajenti.

Mama ananyoosha mkono kuelekea breki ya mkono. Mkanda unamrudisha kitini. Ananyoosha tena, na vidole vyake vinaishia shubiri moja kabla ya breki. Naviona. Nakanyaga mafuta mpaka chini.

"Tutaongea tukifika!" napiga kelele.

Tukafika saa tatu na dakika kumi na tisa. Kona ya mikaratusi tuliipita hata sikuitambua. Niliupiga usukani ngumi kwa furaha, na leo naona haya kuisema furaha hiyo, lakini niliisubiri miaka minane.

Kwenye dirisha la mapokezi kulikuwa na muuguzi mwenye miwani na daftari kubwa. Nikamtajia jina la Mama, Navoneiwa. Akapekua taratibu, akilamba kidole.

"Huyu ameandikwa amefariki njiani, saa nne kasoro dakika tano."

"Tumewahi, dada. Yuko hai, yule pale garini."

"Namwona. Lakini ameandikwa njiani, na hapa si njiani. Mrudishe."

"Nimrudishe wapi?"

"Njiani, kaka. Pole sana."

Nikamtaka aniitie mkuu wake. Akasema mkuu wake ni daftari. Nikamweleza habari za injini, nikamweleza gia sita, nikamwambia aje aguse breki aone. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Hongera, ni gari zuri." Nikagonga meza, nikabishana, nikamwomba, nikabishana tena, hata nilipoinua macho saa ya ukutani ilikuwa inasema saa nne kasoro dakika saba. Dakika thelathini na nne. Zote nilizozipata kwa miaka mitatu ya gereji nilizimalizia pale dirishani, nimempa Mama mgongo.

Nageuka. Hospitali haipo. Niko gereji kwa Fundi Kimweri, chini ya bati, na Sajenti ameegeshwa kando ya pipa la oili chafu. Kiti cha abiria kitupu. Mkanda umefungwa vilevile, umekazwa vilevile.

"Mama yuko wapi?"

"Amechomoka bila kuufungua," anasema Sajenti. "Ameamua kwenda njiani kwa miguu. Amesema asikucheleweshe."

Kando ya pipa kilikuwapo kiti chake cha zamani, kimepasuka ngozi, sponji inachungulia. Nikapiga magoti mbele yake.

"Wewe ulikuwepo," nikakiambia. "Siku ile alisema nini?"

"Kilichotoka hakirudi," kikajibu. "Ni maneno yako. Mimi si wa gari lako tena."

Nikachukua spana nikirudishe. Nikakipachika ndani ya gari, matundu hayakukutana na bolti. Nikakigeuza, hayakukutana. Nililia vile ambavyo siku ya msiba sikulia, na ninadhani ndipo kiti kikanionea huruma.

"Alisema, simama kidogo, Yonazi, nikuage," kikasema. "Alisema mara nne. Ya nne aliniambia mimi."

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na jirani alikuwa anafagia uwanja wake. Nikatoka nje na kaptula ya kulalia, nikafungua mlango wa Sajenti.

Mkanda wa abiria ulikuwa umefungwa. Kamba zote nne zilikuwa zimevutwa mpaka mwisho kabisa. Nikaingiza mkono kupima nafasi iliyobaki, na simjui mtu mzima mwingine anayeweza kuenea mle. Nikampigia simu Fundi.

"Fundi, nani alikaa kiti cha abiria?"

"Hajakaa mtu, kaka. Si umeona nailoni? Na mikanda nilikuachia imelegea, nilikuonyesha."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Gereji, nakunywa chai."

"Umekalia nini?"

"Nimekalia kile kiti chako. Kwani vipi?"

"Naomba uinuke, Fundi."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Haya, nimeinuka," akasema.

Nikaingia upande wa dereva. Ule mkanda sikuugusa tena. Nikaivuta breki ya mkono mpaka juu, ingawa gari lilikuwa limesimama palepale tangu Alhamisi.